Nimeacha unga mwaka na miezi minne, mbona bado najiona mtoto?

Kijana_wa_uswazi
Habari zenu wakuu. Nilianza unga (heroini) na miaka 17, mwanzoni kokteli tu, yaani unga kwenye msokoto wa bangi, baadae kete nne kwa siku, sasa nina 31. Niko kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, kila asubuhi naenda klini nakunywa dozi mbele ya nesi narudi zangu. Arosto (yale maumivu ya kukosa unga) sina, wizi sina, mwili umerudi. Shida yangu washkaji niliosoma nao wana watoto wana biashara zao, mimi kitu kidogo kikinikera nataka kulia au nipigane kama nipo fomu two. Na mama bado anaenda na pochi chooni. Jana nimeiona imening'inia mlangoni ndani ya kanga, imeniuma sana sijasema kitu. Waliopita huku naomba mnieleze, ukubwa unakujaje, au kuacha ndo mwisho wake hapa?

mie_wa_Ng'ambo
Hongera mdogo wangu. Mie nilipita soba, nyumba ya kuachia madawa, hapa Unguja, mwaka wa tisa huu alhamdulillah. Tulikuwa tukiambiwa ulipoanza kutumia ndipo ulipoacha kukua, nikaona wananitisha tu, kumbe kweli, kila hasira kila msiba nilikuwa nauzima kwa kete sasa ningejifunza lini kukaa nao? Hiyo hasira unayoisikia usiikimbie, ndo unaanza. Kilichonibadilisha mie ni hatua ya 8 na ya 9 katika zile 12 za kuacha ulevi tulizofundishwa soba, unaandika wote uliowadhuru halafu unawaendea. Nilijaza kurasa mbili za kaunta buku. Shangazi niliuza feni yake, nikabeba mizigo bandarini mpaka nikapata ya kununua nyingine nikampelekea. Hakusema neno, akaichomeka, akaigeuza upande wangu, akaniambia kaa. Nililia pale pale.

mchangiaji88
Ila mkuu methadoni si bado unatumia? Acha na hiyo ndo useme umeacha.

dada_wa_teja
Mchangiaji tafadhali usimponze mtu, methadoni ni dawa, Muhimbili wanaitoa tangu 2011, dozi inapunguzwa taratibu na daktari sio kwa maneno ya watu. Mwili ukishazoea kukaa bila unga halafu mtu akarudia kiasi chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo, usicheze na hilo.
Mdogo wangu, mimi nilikuwa upande wa mama yako, kaka yangu alituibia mpaka sufuria lenye wali motoni. Alivyoacha tulimpenda lakini mkono wenyewe unaficha simu kabla hujafikiria. Hakulalamika hata siku moja, akitumwa anarudi na chenji na risiti anaweka mezani basi. Mwaka wa pili huo nikaenda kuoga nimeacha simu inachaji sebuleni, nipo katikati ya kuoga ndo nimekumbuka, na sikutoka. Mwache mama na pochi yake, mwenzio naye anapona.

Kijana_wa_uswazi
Dada nimesoma hii mara tatu. Shukrani sana wote. Kuna mzee jirani nilimwibia redio, alikuwa anasikilizia mpira kibarazani, siku hizi anakaa tu pale kimya na mimi nazunguka njia ya nyuma nisionane nae. Nafua nguo za watu, hela ndogo ndogo ipo. Kesho nikitoka klini napita kuulizia bei.