Chumvi na pilipili manga kwenye mchemsho, mnaweka saa ngapi?

jiko_la_jumapili:
Wakuu habari za jioni. Kila Jumapili napika mchemsho wa kuku wa kienyeji, vitu vyangu ni chumvi, pilipili manga, tangawizi kidogo, ndimu, viazi na ndizi basi. Sasa pilipili manga natumia ya unga ya paketi, naitia sufuria likianza tu kuchemka, ila kuku akija kuiva ukali nausikia kwa mbali, harufu hamna kabisa. Na chumvi nikionja mwanzo iko poa, baadae supu inakuwa kali mpaka watoto wanasusa, nimetumbukiza kiazi kama tunavyoambiwaga lakini wapi. Nakosea wapi jamani?

mtu_wa_muheza:
Mkuu pole. Sisi huku Amani pilipili manga tunazo shambani, zinatambaa juu ya miti, tunachuma zikiwa kijani tunaanika juani mpaka zinasinyaa zinakuwa nyeusi. Ile harufu ni mafuta yaliyomo ndani ya punje, ikishasagwa yanaanza kuruka, na ukiichemsha masaa mawili na kuku wa kienyeji yanaishia na mvuke, unabakiwa na ule ukali tu. Nunua punje nzima, twanga kwenye kinu muda huo huo, tia dakika tano kabla hujaepua. Na angalia unaponunua, kuna watu wanachanganya na mbegu za papai zilizokaushwa, inaniuma sana hii maana mkulima anahangaika. Tia punje kwenye glasi ya maji, nzuri nzito zinazama, za papai na zile tupu zinaelea.

mama_supu:
Kuhusu chumvi mwanangu, supu inavyopungua ni maji yanaondoka, chumvi inabaki pale pale, ndo maana inakolea. Tia nusu mwanzoni iingie kwenye nyama, nyingine subiri viazi viive uonje kwanza. Kiazi hakichagui chumvi, kinanyonya maji pamoja na chumvi yake, kwahiyo kilichobaki sufuriani ni kikali vile vile. Ongeza maji ya moto tu. Halafu kama unatia na vile vidonge vya supu ujue vina chumvi tayari. Ndimu kamua ukishaepua.

afya_kwanza:
Naongezea hapo kwa mama. Chumvi iwe ile yenye madini joto, na ukae nayo kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jiko, maana joto na unyevu vinayapunguza yale madini, hapo ndo naona watu wengi wanakosea, kopo liko wazi pembeni ya moto mwaka mzima. Bila hayo madini ndo tunapata rovu, na kwa mjamzito mtoto anaweza kuathirika ubongo. Ila isiwe sababu ya kujimwagia, WHO wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, vyakula vyote humo humo.

jiko_la_jumapili:
Mama shikamoo, asanteni sana wote. Vidonge natia viwili kumbe! Swali dogo kwa mtu wa Muheza, ile pilipili manga nyeupe ni mmea mwingine?

mtu_wa_muheza:
Hapana, mmea ni ule ule. Hizo zinaachwa ziive ziwe nyekundu, zinalowekwa siku kadhaa, ganda linafikichwa linatoka, inabaki mbegu ya ndani. Harufu yake ni nyingine kabisa, kwenye mchemsho mimi nabaki na nyeusi.