Siddhartha: jina hili lina maana gani hasa? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Wadau, orodha za majina ya watoto zinasema Siddhartha, jina la Buddha mwanzilishi wa dini ya Ubuddha, ni "mtafutaji". Wajuzi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, tuwekeeni sawa.

Mdau wa Upanga: Hapana! Siddha ni kilichotimia, mzizi wake sidh, kufanikiwa. Artha ni lengo, au mali. A ya mwisho wa siddha ikikutana na a ya mwanzo wa artha, zinazaa ā moja ndefu: Siddhārtha. Tena neno halilitaji lengo, linamtaja mtu: ambaye lengo lake limetimia. Mtafutaji yuko njiani, huyu ameshafika.

Mvita: Na matamshi jamani. Tunasoma dh ya dhahabu na th ya thelathini, tunaliharibu jina. Hiyo dh ni d yenye pumzi, th ni t yenye pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo. Kisipopata upepo, rudia. Anayetofautisha paa mnyama na paa la nyumba Kimvita hapati shida. Halafu kawia kwenye d: Sid-dhār-tha.

Bint Tanga: Hapo kwenye paa nimeelewa.

Mpenda Vedi: Lakini Paraskara Grihyasutra, kitabu cha kale cha Kihindu cha ibada za nyumbani, inataka jina la mvulana liwe na silabi 2 au 4. Hili lina 3, msimpe mtoto.

Mdau wa Upanga: Baba yake Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, dini nyingine ya India, aliitwa Siddhartha! Wakale hawakulikwepa. Na Kihindi kinadondosha a ya mwisho, Siddharth, silabi 2.

Mama Kisutu: Wagujarati wanaangalia rashi, yaani nyota ya mtoto. Mtoto wa Kumbha (nyota ya Ndoo) anapata jina linaloanza na G, S au Sh, na foi, shangazi upande wa baba, ndiye anayelitaja jina.

Msomaji: Mmemsahau Asita, mzee mtabiri? Alimpakata Siddhartha kichanga, Buddha wa baadaye, akafurahi, ghafla machozi yakamtoka. Ndugu wakashtuka: mtoto ana balaa? Akasema, naulilia umri wangu, nitakufa kabla sijayasikia mafundisho yake.

Bint Tanga: Duh, mwili umenisisimka.

Mvita: Simulizi nzuri, ila maandiko ya mwanzo ya Kipali, lugha ya kale ya Wabuddha, humwita zaidi Gotama, jina la ukoo. Buddha ni cheo: aliyeamka.

Mama Kisutu: Mnaosajili, chagueni tahajia moja. Cheti cha kuzaliwa kikiandikwa Siddharth na pasipoti Sidharth, mtaanza kuhangaikia hati ya kiapo. Nendeni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi.

Mleta mada: Na akiwa wa kike?

Mdau wa Upanga: Siddhi. Mzizi uleule: kutimia, ufanisi.