Kwa nini polilisini hujisokota kwenye alkali, ilhali asidi poliglutamiki hujisokota kwenye asidi?

Mwanafunzi wa PCB, Tabora
Shikamooni walimu. Nasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Katika kusoma polima nimekutana na polipeptidi (minyororo ya asidi amino, zile zinazojenga protini) mbili za kutengenezwa maabara, kila moja ikiwa na aina moja tu ya asidi amino. Asidi poliglutamiki hujisokota kuwa heliksi ya alfa (msokoto kama wa springi) katika myeyusho wenye asidi, kisha hulegea pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, inapokaribia 7. Polilisini imelegea kwenye pH 7, na hujisokota pH inapopita 10 hivi. Uti wa minyororo hii ni uleule, na bondi za haidrojeni (mivutano midogo kati ya haidrojeni na oksijeni) zinazoushika msokoto ni zilezile. Tofauti inatoka wapi? Tena, kwa nini badiliko huwa la ghafla, na huonekanaje ilhali myeyusho ni mwangavu kama maji?

Mwalimu wa kemia, Kigoma
Marahaba, mwanangu. Jibu limo katika matawi ya mnyororo. Tawi la glutamiki lina kundi la kaboksili, ambalo pH ikipanda hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi. Tawi la lisini lina kundi la amino, ambalo hubeba chaji chanya mpaka pH ifike karibu 10, ndipo linapoipoteza. Katika heliksi waliyoieleza wanasayansi Pauling, Corey na Branson mwaka 1951, kila mzunguko una asidi amino 3.6 na hupanda nanometa 0.54 tu, kwa hiyo matawi yamebanana. Yakiwa na chaji za aina moja husukumana kwa nguvu inayozishinda bondi za haidrojeni, na mnyororo hufunguka. Chaji zikiondoka, msokoto hurudi. Ukiongeza chumvi, ioni zake hupunguza msukumano huo, na ndiyo maana pH ya badiliko husogea kulingana na chumvi iliyomo.

Napenda sana wanafunzi waanzie hapa kabla ya protini za mwilini, ambazo huchanganya asidi amino za aina 20, kiasi kwamba ni vigumu kujua ni nguvu ipi imefanya kazi gani.

Mtafiti wa maabara, mzaliwa wa Ujiji
Naongezea kuhusu ughafla. Bondi ya haidrojeni huunganisha oksijeni ya asidi amino moja na haidrojeni ya ile ya nne mbele yake, hivyo ili bondi ya kwanza ifungike ni lazima viungo kadhaa vya mnyororo, yaani asidi amino zake, vipangike kwa pamoja, jambo ambalo mnyororo uliolegea haulipendi. Baada ya hapo, kila bondi inayofuata hudai kupanga kiungo kimoja tu. Ni kama kikapu: kuanza kitako ndiko kugumu kuliko kukiendeleza. Wanasayansi Zimm na Bragg waliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1959, na hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba mnyororo mrefu hubadilika kwa ghafla zaidi kuliko mfupi.

Kuhusu kuona, hupitishwa miale ya urujuanimno inayozunguka kushoto na ile inayozunguka kulia, kisha hupimwa tofauti ya jinsi inavyofyonzwa. Heliksi ya alfa huacha mabonde mawili kwenye grafu, nanometa 208 na 222, na mnyororo ukilegea mabonde hayo hutoweka.

Mwanafunzi wa PCB, Tabora
Nashukuru sana. Je, joto nalo hulegeza heliksi?

Mwalimu wa kemia, Kigoma
Mara nyingi ndiyo, lakini usiifanye kuwa kanuni. Polilisini iliyojisokota kwenye alkali, ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 50 za Selsiasi, hugeuka kuwa bapa za beta, ambamo minyororo hulala sambamba na kushikana. Nayo polibenzili-glutamati, ndugu wa asidi poliglutamiki ambaye matawi yake yamefungwa kwa kundi la benzili, ikiwa katika mchanganyiko wenye asidi ya dikloroasetiki, hujisokota inapopashwa moto. Kwenye ubaridi molekuli za asidi hiyo hushikamana na uti na kuchukua nafasi za bondi za haidrojeni. Joto huzibandua, na uti hupata nafasi ya kujifunga wenyewe. Ukikutana na swali la joto, kwanza uliza kiyeyushi ni kipi.