Abolethi kama adui mkuu wa kampeni: kwa nini asiteke kisiwa kizima, na atamalizwaje?

KasaWaMisali
Assalamu alaykum wadau. Swali kwa wanaoendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, msimulizi mmoja akiongoza), toleo la 5, sheria za 2014. Naandaa kampeni ya kisiwa mfano wa Pemba: mashamba ya karafuu, vijiji vya wavuvi, visima vya mapangoni. Adui mkuu ni abolethi, zimwi la majini linalotawala akili za watu, anayekaa kwenye pango la maji lenye mlango wa baharini. Wachezaji 5, wanaanza ngazi ya 1, nataka wapambane naye ngazi ya 8.

Nimekwama hapa. Anaweza kuteka akili za watu mara 3 kwa siku. Kwa mwezi ni mara 90, si keshamaliza kisiwa? Halafu, wachezaji wamhisije tangu mwanzo bila kumuona? Na akimteka mhusika wa mchezaji, nimwambie mwenyewe au nimfiche?

DaduPandeIshirini
Wa alaykum salaam. Soma tena maneno ya uwezo ule, jibu lako limo humo. Kwanza, anayetekwa lazima aonekane na awe ndani ya futi 30, yaani kama mita 9. Abolethi hatembei mitaani, kwa hiyo mtu ndiye anayefika majini. Pili, aliyetekwa akiwa umbali wa maili 1 au zaidi, hutupa dadu ya kinga (jaribio la kujinasua) tena mara moja kila saa 24.

Piga hesabu. Mwanakijiji asiye na nyongeza ya hekima anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, na hiyo ni asilimia 35 za kujinasua. Mpeleke mjini kumfanyia kazi abolethi: baada ya siku 3, waliobaki mkononi mwake ni kama asilimia 27, na baada ya wiki hawafiki 5. Na hakuna sheria inayosema aliyejinasua husahau. Kila anayemtuma mbali ni shahidi anayekaribia kufungua mdomo.

Kwa hiyo abolethi mwenye akili (na huyu akili yake ni 18) hutumia watu wa aina mbili. Waliotekwa anawaweka ndani ya maili moja tu: mlinzi wa kisima, wavuvi wawili watatu, mwalimu wa kijijini. Kazi za mbali anawapa vibaraka wanaotumika kwa hiari, kwa sababu mtu akizungumza naye kwa akili huku anamuona, hujua tamaa kubwa ya moyo wa mtu huyo. Mmoja anataka jahazi, mwengine anataka mwanawe apone. Na abolethi hasahau kitu, kwa hiyo anakumbuka kila chombo kilichozama na kila sanduku lililofukiwa. Malipo hayamsumbui.

Faida yake kwako ni hii. Aliyetekwa huwasiliana naye kwa umbali wowote, papo hapo. Kibaraka inabidi arudi hadi futi 120 kutoka alipo ndipo wasemezane. Basi wachezaji wakifanya jambo mjini, abolethi hupata khabari baada ya siku moja au mbili. Wakilifanya mbele ya mlinzi wa kisima, keshajua kabla hawajamaliza sentensi. Weka karatasi moja yenye kichwa "Anachojua" na uiandike upya kila baada ya kikao. Kosa linaloharibu adui wa namna hii ni msimulizi kumpa elimu yake mwenyewe. Wachezaji wakiona kila mpango wao unajulikana hata wasipoonwa na mtu, wanaacha kupanga.

BiKarafuu
Naongeza kwenye dalili. Maskani yake yanachafua maji yote ndani ya maili 1, na adui zake wakiyanywa hutapika baada ya dakika chache. Angalia vizuri: *adui zake*. Waliotekwa na vibaraka wanakunywa kisima kilekile bila tabu. Hiyo ni dalili ya ngazi ya 1 kabisa. Wanakijiji watasema ni mzimu wa pangoni, watapeleka ubani na chetezo, na wachezaji waachwe waamini hivyo kwanza. Dalili ya pili: aliyetokwa na ngozi ya kawaida, akawa na ngozi ya utelezi inayoonyesha ndani, na kila usiku analala ndani ya pipa la maji. Ni ugonjwa wa kupigwa na mkono wa abolethi, mgonjwa haponi majeraha mpaka awe chini ya maji.

Kila jambo unalotaka walijue, liwekee njia tatu za kulifikia. Mbili watazipita bila kuziona.

Kwa saa ya kampeni, tumia bamvua. Sisi tunaijua bila kufundishwa: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, takriban kila wiki mbili, maji yanajaa sana na kupwa sana. Bamvua likijaa, maji hupanda pangoni na abolethi hufika chini kabisa ya kisima. Usiku huo ndio anaoteka watu wapya. Maji mafu yakija (siku za kati ya bamvua, maji yasipojaa sana), anabaki chini, na vibaraka hawawezi kumfikia. Andika hatua sita za mpango wake, moja kwa kila bamvua. Wachezaji wasipoizuia, inatimia, wawepo wasiwepo.

DaduPandeIshirini
Hili la bamvua ni zuri mno, dada. Na mhusika akitekwa, mimi ningemficha mchezaji. Msimulizi amwambie tu "unahisi lazima uende kisimani" na amuache.

MtumbwiMweupe
Hapo sheikh sikubaliani nawe. Aliyetekwa hawezi kufanya vitendo vya haraka nje ya zamu yake, na akiumia hutupa dadu ya kinga tena, sasa mchezaji asiyejua atayafuataje? Mwambie pembeni, kwa karatasi: umetekwa, lengo lako ni hili, na usilolitaka ni hili. Wengi wataigiza vizuri kuliko msimulizi. Ila uliza kikao cha mwanzo kama kila mmoja yu radhi kutawaliwa. Asiyekuwa radhi, abolethi amkose.

Sasa pambano, maana hapo ndipo wengi huumia. Ana pointi 135 za uhai na kinga ya mwili (AC, namba ya kufikia ili kumpiga) 17. Akipatikana nchi kavu, watu 5 wa ngazi ya 8 humaliza raundi mbili. Majini anaogelea futi 40, wao wengi 15, na panga refu linapiga kwa shida chini ya maji ilhali mkuki na jambia hazina tatizo. Wape nafasi ya kuligundua hilo mapema. Tahadhari mbili:

Dakika ya kwanza ikishapita, ugonjwa ule hauondoki ila kwa uganga wa ngazi ya 6 au zaidi, ambao kundi la ngazi ya 8 halina (ngazi za uganga huhesabiwa mbali na za wahusika). Weka mganga au dawa kisiwani kabla, la sivyo mhusika mmoja ameharibika moja kwa moja.

Na wakiwa na uganga wa kumfukuzia kiumbe ulimwengu mwengine, nusu kwa nusu utampata, kwani kinga yake ya haiba ni +4 tu. Akiondoka ulimwengu huu, wote aliowateka wanafunguka hapo hapo. Usiuzuie. Ila ujue wanaweza kuutumia raundi ya kwanza tu.

KasaWaMisali
Ahsanteni sana. Kwa nini asikimbilie baharini akizidiwa?

BiKarafuu
Atakimbia, na akiuawa roho yake hurudi kwenye ulimwengu wa maji na kupata mwili mpya baada ya siku au miezi. Hivyo mpe kitu asichoweza kukibeba, jiwe la hekalu lake la kale mathalan, kwenye chumba kinachofikika kwa miguu maji ya bamvua yakipwa tu. Wana kama saa mbili kabla maji hayajarudi. Yeye naye anajua saa ile ile.