Mradi wa programu huria, lakini funguo zote anazo mtu mmoja. Naomba ushauri

Mhazini_Msaidizi
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye mradi wa programu huria ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini. Tunajitolea, halipwi mtu. Mwanzilishi ni jamaa yetu, kazi anaijua kwelikweli, na leseni ni GPL, ile inayomruhusu yeyote kutumia, kunakili na kubadili programu, mradi akiisambaza ibaki huria. Ila domeni (anwani ya tovuti) ni ya jina lake, akaunti yenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni yake, nywila ya kutoa toleo jipya anayo peke yake. Ukituma marekebisho, anapitisha anayoyapenda, mengine yanalala hadi unachoka. Ukihoji kwenye grupu la WhatsApp jibu ni lile lile: "Hii ni huria, hujaridhika nakili ukaanzishe yako."

Sasa ametuletea fomu tusaini, haki za vyote tulivyoandika zihamie kwake, kwa sababu kuna kampuni inataka kuingia. Wawili wameshasaini. Nikiondoka nawafikiria akina mama wa vikundi wanaoitegemea, nikibaki naona natumika. Mnanishauri nini?

Jamaa_wa_Ruiru
Ondoka bro. Maisha ni fupi.

Mzee_wa_Terminali
Mkuu, kwanza kabisa usisaini. Ulichoandika wewe hakimiliki ni yako, umekitoa tu kwa masharti ya GPL. Bila ridhaa yako hawezi kukichukua akakiweka kwenye leseni iliyofungwa. Mkisha kusaini wote, matoleo yajayo anaweza kuyafunga. Yaliyokwisha kutoka yatabaki huria, hayo hayarudi nyuma.

Na hilo jibu lake la "nakili" ni kweli, ila halijibu swali lako. Leseni inakupa ruhusa ya kuondoka na msimbo. Sauti ndani ya mradi haikupi.

Binti_wa_Chumbageni
Naongezea hapo. Someni yaliyowapata Gitea, mradi wa programu huria ya kuhifadhia msimbo. Wenyewe walijitenga na mradi wa Gogs mwaka 2016, wamechoka na mradi unaomsubiri mtu mmoja apate nafasi. Wakaweka utaratibu wa kuchagua viongozi kila mwaka. Oktoba 2022 wachangiaji wakasikia kuna kampuni imeanzishwa, na domeni pamoja na alama ya biashara vimeshahamia huko. Waliandika barua ya wazi, haikusaidia, Desemba mwaka huo huo wakainakili Gitea na kuzindua mradi wao, Forgejo. Safari hii jina na domeni vikawekwa chini ya Codeberg, chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin.

Uchaguzi walikuwa nao, wakuu. Ila hati ya jina haikuwa ya chama. Kwa hiyo mimi ningeanza na domeni, habari za kura baadaye.

Kazi_Kwanza
Tuwe wakweli kidogo. Nyinyi mnaodai kura, kikundi kikikwama saa nne usiku nani anapokea simu? Naona huyo jamaa anasemwa tu hapa. Guido van Rossum aliyebuni Python, lugha ya kuandikia programu, aliiongoza tangu mwanzo, akaachia ngazi Julai 2018 baada ya mabishano ya kuchosha juu ya alama moja tu ya lugha. Hata mrithi hakuteua, aliwaachia wenyewe waamue. Watu wanachoka!

Mzee_wa_Terminali
@Kazi_Kwanza na walichoamua je? Baraza la watu watano, la kuchaguliwa, na wanaoajiriwa na kampuni moja wasizidi wawili. Hicho kipengele ndicho cha kumpelekea huyo mwanzilishi, kwa vile kampuni iko mlangoni.

Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, nao wana katiba tangu 1998. Kiongozi anachaguliwa kila mwaka, na kwenye kura kuna nafasi ya kuwakataa wagombea wote. Ninachokipenda zaidi ni kipengele kinachosema hakuna anayelazimika kufanya kazi, ila asiuhujumu uamuzi uliokwisha kupita. Kwa watu wa kujitolea hapo ndipo penyewe. Wanagombana vilevile, msidhani: mwaka 2014 ugomvi wa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ulifika kwenye kura, na kilichoshinda ni kwamba hapakuwa na haja ya azimio lolote! Baadhi wakaondoka wakaanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd.

Binti_wa_Chumbageni
Watu sita hawahitaji katiba ya Debian, mzee wangu. Ukurasa mmoja unatosha: nani anapitisha, marekebisho yasijibiwe muda gani ndipo mwingine apitishe, domeni ikae kwa nani.

Mhazini_Msaidizi
Nashukuru sana wakuu. Nimeongea naye kwa simu, si kwenye grupu. Mtu wa pili kwenye nywila za matoleo amekubali, na amekiri kuwa kazi imemzidi. Domeni anasema atafikiria. Fomu hataki kuiondoa, anadai kampuni ndiyo inayoing'ang'ania. Je, kuna mwenye mfano wa fomu ambayo mchangiaji anatoa ruhusa lakini kwa sharti kwamba kazi yake ibaki huria daima?

Mzee_wa_Terminali
Ipo. Njoo PM.