Naomba ushauri: kupima uimara wa viboliti vya M4 vilivyochomelewa kwenye bati

Wakuu, habari za kazi. Karakana yetu ipo Gerezani, Dar es Salaam, tunatengeneza maboksi ya umeme. Kwenye mlango tunachomelea viboliti vya M4 (unene milimita 4) visivyo na kichwa, kwa mashine ya kapasita (inayochomelea kwa umeme uliohifadhiwa na kuachiwa ghafla), bati la milimita 1.5. Hivyo ndivyo vinavyoshika waya wa ethi, kwa hiyo kimoja kikiachia, mtu anaweza kurushwa na umeme akigusa mlango tu.

Asubuhi kabla ya kuanza kazi nachomelea vichache kwenye kipande cha bati lile lile, navisha kibomba na kupinda hadi nyuzi 30. Kinachong'oka na nyama ya bati nahesabu kimeshika. Kinachobanduka na kuacha doa laini linalong'aa, nasimamisha kazi na kurekebisha mashine.

Tatizo ni vile vya mteja, siwezi kuvipinda. Nafikiria kuvisha bushi fupi, nifunge nati juu yake ili ikikazwa ivute kiboliti. Nikaze nyutoni mita ngapi (kipimo cha nguvu ya kukaza) bila kuharibu uzi wa kiboliti? Na spana ndogo ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, naipata wapi hapa mjini? Nyingi nilizoziona ni za matairi.