Largo ya Dvořák: wimbo wa watumwa, au ni wake mwenyewe?

Zumari_Nene: Wengi wanaamini Largo, sehemu ya polepole ya Simfoni ya 9 ya mtunzi Mcheki Dvořák, ni wimbo wa kiroho wa watumwa wa Marekani, "Goin' Home". Si kweli. Simfoni ilipigwa Carnegie Hall, Desemba 1893. Maneno ya "Goin' Home" yaliwekwa juu yake na mwanafunzi wake, William Arms Fisher, mwaka 1922. Sasa deni la Dvořák kwa Weusi wa Marekani ni lipi hasa?

Bi_Solfa: Deni ni kwa Harry Burleigh, mwimbaji Mweusi. Babu yake alikuwa mtumwa, na yeye alisoma kwenye konsevatori (chuo cha muziki) ya New York wakati Dvořák ni mkurugenzi. Ndiye aliyemwimbia Dvořák zile nyimbo za kiroho. Imba Largo kwa solfa (d ni do, r ni re, m ni mi, s ni so, l ni la, t ni ti): m s s m r d, r m s m r. Fa hamna, ti hamna: ni skeli ya noti tano, kama ya nyimbo za kiroho.

Zumari_Nene: Mbona umeishia hapo, dada? Endelea: l d' d' t s l. Ti hiyo hapo. Na skeli ya noti tano hata Waskoti wanayo.

Bi_Solfa: Usinilishe maneno. Sijasema noti tano ni za Weusi peke yao. Rudi sehemu ya kwanza ya simfoni, filimbi inapoingia peke yake kwenye ufunguo wa G: linganisha na wimbo wa kiroho "Swing Low, Sweet Chariot", halafu uje.

Kinanda77: Mnagombania Mcheki wakati watunzi Weusi wenyewe wapo. Florence Price, Simfoni ya 1, Chicago Symphony, Juni 1933. Ila ile Juba ya sehemu ya tatu, mchezo wa watumwa wa kupiga makofi na mwili, sijaielewa. Makofi tu yale, hayana uzito wa simfoni.

Mgoma: Makofi tu?! South Carolina ilipiga ngoma marufuku kwa sheria ya 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono. Watu wakapiga miili yao: viganja, mapaja, kifua, nyayo. Mtu akinyang'anywa ngoma akaendelea kucheza, wewe unauita huo mchezo mwepesi?

Kinanda77: Punguza jazba, mkuu. Nazungumzia sauti. Rekodi nyingine inasikika kama polka.

Mgoma: Hilo ni kosa la wapigaji. Hesabu nane za haraka, zilizo sawa. Mguu upige 1 na 5. Makofi yapige 1, 2, 4, 5, 7. Kosa liko kwenye 2: ukiichelewesha kidogo, 1-2-4 inageuka tatu zilizolingana na mdundo unalala. Kwenye okestra, besi (fidla kubwa za sauti nzito) ndizo mguu, kwa hiyo zipige fupi na ziache nafasi. Zikivuta upinde mrefu, zinajaza 2 na 4, na fidla haisikiki inapokwepa pigo.

Bi_Solfa: Na kwenye skoa (maandishi ya muziki ya okestra nzima) Price ameandika ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo. Ukiweka ngoma ya bendi, ile yenye nyuzi chini ya ngozi, mtetemo wa nyuzi hizo unafunika fidla.

Kinanda77: Nimejaribu hiyo hesabu mezani. Ile 4 ndiyo inayonyanyua. Lakini kwa mwendo wa kasi, besi zitawezaje kuacha nafasi?

Zumari_Nene: Mimi deni sijalikataa. Nimekataa "Goin' Home" kuitwa wimbo wa watumwa.

Mgoma: @Kinanda77 wapunguze mwendo mpaka 2 isikike wazi, halafu waongeze taratibu. Ikianza kupotea tena, warudi nyuma hatua moja, wapige hapo.